Koti la Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Cherehani ililala, mdomo haukulala. Ndiyo chanzo.

Kikao cha familia kwa mama mkwe, kijijini Mpemba, nje kidogo ya Tunduma. Wakwe wa kiume tuliwekwa nje upande wa jiko, migongo kwenye mlango. Kwetu mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hali naye, hagusi nguo yake. Tukikutana njiani yeye huingia mahindi ya kushoto na mimi ya kulia, shamba liwe la nani. Vijana siku hizi wanapiga picha wamekumbatiana na wakwe zao. Mama Luka, huyu mkwe wangu, ni wa zamani. Nina binti anayekaribia kuolewa, na bado mama mkwe wangu namjua kwa kisogo na kikohozi.

Jambo lenyewe zito. Luka, kaka yake mke wangu, kifungua mimba wa nyumba ile, alifia Kabwe, Zambia, mwaka ule wa corona, mpaka umefungwa. Walimzika watu wa kanisa la huko. Mama yake alilia akiwa hapa hapa Mpemba, kaburi halijui. Sasa mjane amelijengea, na Jumamosi ya tarehe 19 jiwe litafunuliwa. Mama Luka amesema atakwenda. Basi linaondoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, Alhamisi ya tarehe 17. Asipolipanda hilo, jiwe litafunuliwa bila yeye. Alisema, kupitia kwa Marita mke wangu, kwamba kumkosa mwanawe mara ya pili hataweza.

Tukanyamaza. Ningeendelea kunyamaza ningekuwa mtu mwenye heshima zake jioni hii.

Sadock akakohoa. Sadock ni mwanyumba wangu. Tumeoa dada wawili, yeye kachukua mdogo, Mercy. Anauza makoti ya mtumba na mabegi ya magurudumu. Akasema mama asiwe na wasiwasi, Kabwe mwezi huu ni baridi, yeye atamtolea jaketi lenye manyoya shingoni na begi linalotembea lenyewe. Ndani wakapiga vigelegele.

Nikasikia mdomo wangu ukisema kwamba mama wa watu haendi kwenye kaburi la mwanawe amevaa mtumba, kafa-ulaya. Atashonewa. Na mimi. Koti la safari la kugeuza: upande mmoja kitenge cha njiani, upande wa pili cheusi cha kaburini. Katikati blanketi. Kofia ya kutoa na kurudisha. Mifuko.

Halafu Sadock, kwa upole sana: "Mwanyumba, na vipimo utachukuaje?"

Wakacheka mpaka ndani. Nadhani na mama mkwe alicheka. Kikohozi kilibadilika.


Jumanne, 8 Julai

Nimempa Marita futi aende kwa mama yake ampime. Kazi ya dakika chache, nikamwambia. Bega, kifua, kiuno, mkono, urefu. Nikaanza hata kukata karatasi.

Marita karudi na futi imekunjwa vilevile nilivyoikunja. Mama amekataa. Amesema mtu mzima anayepimwa urefu ni yule anayechongewa sanduku, na yeye anakwenda kuliona kaburi la mwanawe, hajasema anakwenda kulala naye. Fundi wa kweli hukadiria.

Kukadiria naweza. Nilikadiria sare za kwaya nzima ya kanisa letu. Mpaka leo wanaume wa besi hawawezi kuinua mikono, na wimbo wa kuinua mikono umeondolewa kimyakimya.

Lakini kumkadiria mtu lazima umtazame. Hapo ndipo lilipo tatizo.

Marita akaniuliza kwa nini nisimwachie Sadock akatoa lile jaketi lake mambo yakaisha. Nikamwambia kuna mambo mtu haachii. Akauliza mambo gani. Nikamwambia chai imepoa.


Jumatano, 9 Julai

Akili imekuja. Ferista.

Ferista ana kibanda kinachopakana na changu sokoni. Anasuka mikoba ya ukindu yenye mikanda ya ngozi, na wanawake wa Zambia wanavuka mpaka kuifuata. Mpango ulikuwa huu: nimnunulie mama mkwe mkoba, Ferista aupeleke mwenyewe, na katika kumrekebishia mkanda begani apate vipimo vyangu bila futi kuonekana. Kila akivuta mkanda, anatia alama kwa kucha. Bega hadi nyonga. Bega hadi bega. Kuzunguka kifua, akipata nafasi. Nikamwambia atumie busara.

Karudi saa za mchana, kashiba. Amepewa ugali na kunde na mtindi. Alama kwenye mkanda ni ya bega hadi nyonga tu. Nikamuuliza mengine. Akasema alipoanza kuuzungusha mkanda kifuani, mama mkwe alimshika mkono akamwambia, mwambie aliyekutuma kwamba mkoba nimeupenda.

Nikamwomba basi anionyeshe kwa mikono, huyu mama yukoje. Ferista akasimama katikati ya njia ya soko akanionyesha. Upana huu. Hapa hivi. Hapa, akafikiri kidogo, hivi. Nikawa narudia kwa mikono yangu ili nisisahau. Mteja mmoja aliyekuja kuchukua suruali akatuangalia, akachukua suruali, akaondoka bila kuijaribu.

Kwa hiyo nina bega hadi nyonga. Mwili uliobaki bado ni wa Mungu.


Ijumaa, 11 Julai

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa sababu Sadock atayasimulia, na ni vizuri pawe na maelezo mawili.

Ijumaa mama mkwe huenda kwenye maombi ya akina mama. Na Alhamisi hufua. Maana yake Ijumaa asubuhi nguo zake zipo kambani na mwenyewe hayupo. Nguo ya mtu ni mtu bila uso. Nikaona hapo hakuna dhambi, alimradi nisiguse. Kwa hiyo nilibeba vijiti viwili. Kimoja cha kunyoosha mkono wa gauni, kingine cha kushikia futi. Mwiko unasema mkono, haukusema kijiti.

Gauni lilikuwa la kijivu, zuri, la kazi ya mtu anayejua. Nilipata mkono wa kulia. Nikawa nahamia kifuani.

Kilichofuata ni upepo. Watu wa Tunduma wanaujua upepo wa Julai, unaondoa bati. Gauni likapanda, likanifunika kichwa, na katika kujitoa nikaingiza mkono mmoja palipo na mkono, halafu wa pili. Nikawa nimesimama kambani nimevaa gauni la mama mkwe wangu, macho yamefunikwa, futi mdomoni.

Ndipo nikasikia kile kikohozi.

Kwa kuwa mama mkwe hasemi na mkwe, lazima apitishe maneno kwa mwingine. Uani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kuku.

"We kuku," akasema. "Hebu muulize huyo aliyeingia kwenye gauni langu kama linamtosha."

Nikamwambia kuku amwambie mama kwamba ni upepo.

"Kuku, mwambie upepo hauji na futi."

Nikamwomba kuku amsihi mama aingie ndani ili nitoke. Nikasikia mlango. Nikatoka. Kuku alikuwa ananiangalia kwa namna ambayo sitaisahau upesi.

Jioni hukumu ikaletwa kutoka kwa baba mdogo Mika, ndiye mkubwa wa ukoo aliyebaki. Jogoo mmoja. Na gauni lile haliwezi kuvaliwa tena na mwenyewe maana mkwe ameliingia mwili mzima, nishone jingine. Aliyeleta hukumu ni Sadock. Aliileta kwa huzuni kubwa, akitabasamu.

Sasa nina nguo mbili za mtu nisiyeweza kumpima.


Jumapili, 13 Julai

Kanisani. Nimekaa viti vya nyuma, mahali pa mkwe, mama mkwe yuko mbele upande wa akina mama. Kisogo, mabega, mgongo mpaka kwenye benchi. Yote halali. Kisogo siyo uso.

Mafundi wa zamani walikuwa na njia: unanyoosha mkono, unafumba jicho moja, unamlinganisha mtu na kidole gumba. Nikapata mabega wakati wa wimbo wa kwanza. Wakati wa sala kila mtu kafumba macho yote, mimi nimefumba moja. Nikapata kiuno. Mkono wa kushoto ulinisumbua, maana aliuegemeza kwenye nguzo, lakini nikakisia.

Sikujua kwamba mchungaji ananiona. Katikati ya mahubiri alisema kuna ndugu wanaonyoosha kidole kwa wenzao huku wamefumba jicho lao wenyewe. Watu wakageuka. Sikuwa na pa kukificha kidole.

Nje Sadock akaniuliza nilikuwa nawinda nini mle ndani. Yeye alikuwa amekuja na lile jaketi la manyoya, amelitundika begani kwake, watu walizoee. Wakamsifu. Mama mmoja aliyashika manyoya akasema yanafanana na paka.

Mercy akamsukumia dada yake neno kwamba wakati unakwisha, na mama amekataa kulijaribu jaketi la Sadock mpaka aone koti la fundi. Hilo lilinigusa. Hakulazimika.


Jumanne, 15 Julai

Nashona. Kitenge cha rangi ya udongo chenye maua ya buluu, upande wa pili kitambaa kizito cheusi, blanketi katikati. Mabega yamekaa. Mkono wa kushoto umekuwa mrefu kidogo kuliko wa kulia, lakini mtu husafiri na mikono imekunjwa.

Kuhusu mifuko. Nilikuwa nimepanga miwili upande wa nje na mmoja wa siri kifuani kwa ajili ya hati ya kusafiria. Basi.

Mchana Sadock akapita kibandani na begi lake la magurudumu, eti analijaribu barabarani. Akalifungua mbele ya Ferista. Zipu hii, zipu hii, mahali pa dawa, mahali pa viatu, mahali pa chupa, ndani ya mahali pa chupa mahali pengine. Ferista akasema wazungu wana akili. Mimi nilikuwa nashona ule wa siri kifuani. Nikauacha hapohapo nikaanza kumwonyesha Sadock kwamba koti halihitaji magurudumu. Mfuko wa peremende. Wa miwani. Wa kitabu cha nyimbo, wenye kifuniko. Wa karanga, mrefu, mwembamba, mkono unaingia bila kumwaga. Mmoja chini ya kwapa wenye zipu, kwa vitu ambavyo mtu hataki vijulikane. Mmoja ndani ya huo. Niliacha kuhesabu.

Sadock akatazama, akasema koti zuri, lakini je mama atakumbuka ameweka nini wapi. Nikamwambia wivu ni ugonjwa.

Ferista akauliza, umefunga kila kitu? Nikamwambia kila kitu.


Jumatano, 16 Julai

Marita amelipeleka koti. Nilikaa kibandani bila kushona, naangalia foleni ya malori haisogei. Karudi nalo. Nikamuuliza mama kasemaje.

Amelivaa. Halafu akauliza nani mwingine anasafiri humo ndani.

Ni pana kidogo, nakubali. Lakini akalikunja kifuani, akasema litapokea sweta. Akaligeuza upande mweusi. Akakaa nalo hivyo, mikono mapajani, Marita anasema akadhani mama amelala. Akasema: "Hili linafaa kumwendea mtoto."

Jaketi la Sadock limebaki na Sadock.

Halafu akaomba jambo. Nyuma ya nyumba yao ya zamani kule Msangano, pale kilipozikwa kitovu cha Luka, Marita alikwenda na bodaboda mwanzoni mwa wiki akachota udongo. Mama anataka kuuweka juu ya kaburi, kwa kuwa yeye hakutupa hata konzi moja siku ile. Hataki ufungwe kwenye nailoni. Mtoto hafungwi kwenye nailoni. Anataka ukae ndani ya koti, na ukae mgongoni, alipozoea kubebwa.

Sikutania juu ya hilo na mtu yeyote. Nilifumua mgongo upande wa kulia juu kidogo ya pindo, nikashona mfuko bapa wa kitambaa cha pamba, nikaumimina udongo humo polepole, nikafunga mdomo kwa sindano ya mkono, mshono mdogomdogo. Ni kazi nzuri kuliko yote niliyofanya mwaka huu, na haitaonekana.

Sadock alipita akanikuta. Akavua kofia, akakaa. Kuna saa ni mtu mzuri.


Alhamisi, 17 Julai

Nimefika nyumbani. Marita na mama yake wako njiani kwenda Kabwe. Naandika hilo kwanza kwa sababu palikuwa na muda leo ambapo sikuamini nitaliandika.

Tuliwasindikiza mpakani, mimi na Sadock. Akina mama mbele, sisi nyuma umbali wa heshima. Mama mkwe kavaa koti upande wa kitenge, kilemba cha buluu, mkoba wa Ferista begani. Kwa nyuma alionekana kama waziri. Mwanamke mmoja wa Nakonde aliyebeba vitenge kichwani akamwita mayo, yaani mama kwa lugha yao, akamuuliza koti kapata wapi. Mama mkwe akanyoosha kidole nyuma bila kugeuka. Nilirefuka kidogo.

Ndani ya jengo la mpaka, foleni ikafika dirishani. Mama wa uhamiaji akaomba hati. Marita akatoa yake, akaingiza mkono kwenye mfuko wa siri kifuani mwa mama yake, alikoiweka ya pili mwenyewe asubuhi. Akautoa mkono. Akauingiza tena.

Hamna.

Akajaribu wa pili. Peremende. Wa tatu, miwani. Wa nne, kitabu cha nyimbo. Karanga. Leso. Karanga tena. Mimi na Sadock tulikuwa tumesimama mbali, nyuso ukutani kama inavyotakiwa, na Marita akaanza kuniita kwa sauti ya mtu anayetaka kulia. Nikawa namwelekeza nikiwa natazama ukuta. Chini ya kwapa kuna zipu. Ndani ya huo kuna mwingine. Shuka kiunoni, kuna kifuniko. Foleni nzima ikawa inafuata. Dereva mmoja wa lori akawa anarudia maelekezo yangu kwa Kibemba kwa wale wasiosikia.

Mama wa uhamiaji akauliza hawa wanaume wawili waliogeukia ukuta wamekamatwa na nani. Sadock akamjibu, "Tumeoa, mama."

Nje, upande wa pili, basi la Kabwe lilishaanza kupiga honi.

Hapo ndipo nilipokumbuka. Jumanne. Begi la magurudumu. Mfuko wa siri niliouacha katikati ili nimwonyeshe Sadock. Niliushona pande zote mbili. Chini sikuufunga.

Hati ilikuwa imeshuka kati ya bitana na blanketi mpaka kwenye pindo. Nikamwambia Marita apapase. Akapapasa, akasema ipo, anaisikia, nyuma, upande wa kushoto. Lazima kufumua. Marita hajui kufumua. Angeikata hati yenyewe. Mama mkwe naye akaiambia nguzo iliyokuwa karibu kwamba hatavua nguo mbele ya wakwe wawili na serikali mbili.

Kwa hiyo ilibaki njia moja. Nilirudi kinyumenyume kutoka ukutani. Yeye akarudi kinyumenyume kutoka dirishani. Marita akatuelekeza kama anayepaki lori. Tukakutana mgongo kwa mgongo. Nikatoa wembe wangu wa kazi, mama wa uhamiaji akasimama, Sadock akamwambia huyo ni fundi, akakaa. Nikapeleka mikono nyuma, nikalitafuta pindo kwa vidole. Miaka yote hii nashona, sijawahi kufumua nguo nisiyoiona. Nikapapasa kushoto. Nikasikia mshono mdogomdogo. Nikajiambia mshono mzuri huu, nani kaushona. Nikakata.

Kitu kikavu kikapita katikati ya vidole vyangu.

Nilisahau kwamba mgongo kwa mgongo, kushoto kwangu ni kulia kwake.

Ule udongo ukamwagika kwenye vigae. Haukupiga kelele. Dereva wa lori akaacha kutafsiri. Marita akasema "Yesu," polepole. Alikuja mwanamke wa usafi na fagio lake, kwa nia njema, na mama wa uhamiaji akanyoosha mkono kutoka dirishani akamzuia.

Nikasikia magoti ya mama mkwe yakigusa sakafu. Ni mtu mzima. Hukaa chini kwa awamu. Halafu nikasikia kiganja kikikusanya.

Hakulia. Hakunisema, wala hakutafuta kuku wa kunisemea. Alikuwa anakusanya tu, na honi inalia.

Nikageuka. Sikuamua. Nikapiga magoti upande wangu, nikaanza kukusanya kwa pembe ya kadi ya kliniki iliyokuwa mfukoni, nikiuchokoa hata kwenye nyufa za vigae. Tukakutana katikati. Akainua uso.

Nilimwona. Macho ni ya Marita kabisa. Ana kovu dogo juu ya unyusi ambalo hakuna aliyewahi kuniambia. Ni mdogo kuliko nilivyomshonea.

Nilingoja aseme na nguzo. Akanitazama mimi.

"Kuna mwingine pale," akasema, "chini ya benchi."

Nikaingia chini ya benchi. Watu wakainua miguu. Sadock alikuwa bado na uso ukutani, lakini mkono wake ulikuja nyuma, umeshika leso nyeupe ya mfukoni mwake iliyokunjwa, ile anayoivaa harusini, akaifungua angani bila kugeuka. Tukaumimina humo. Ulikuwa umechanganyika na vumbi la pale. Nikamwambia mama, huku nikitazama chini, kwamba siyo ule tena, umeingiliwa. Akafunga leso, akasema Luka alipita mlango huu huu akienda, na vumbi la hapa alilikanyaga, halijamkosea.

Marita tayari alikuwa amefumua upande mwingine kwa meno. Hati ikatoka, imekunjika pembe. Ikagongwa mhuri. Dereva wa lori alikuwa ameshatoka mbio kumshika mwenye basi. Wakavuka. Nyuma ya koti pindo lilikuwa linaning'inia pande zote mbili, na leso ya Sadock mama mkwe alikuwa ameiweka kifuani, kwa mkono wake mwenyewe, ndani ya gauni. Hakuiweka kwenye mfuko wowote.

Tulirudi kwa miguu, mimi na mwanyumba. Tukafika mtaa wa Sogea. Kisha akasema yeye sasa ndiye mkwe pekee mwenye heshima katika ukoo ule. Nikamwambia ni kweli.


Jumapili, 20 Julai

Simu ya Marita baada ya ibada. Jiwe limefunuliwa jana. Mama alipiga magoti akaifungua leso, akaumwaga udongo kwa mkono wake, upande wa kichwani. Alikaa pale mpaka wengine wakaenda kula. Alipoinuka akasema sasa amemzika.

Nilitoka nje kidogo. Upepo ulikuwa na vumbi.

Kisha Marita akasema mama anataka simu. Nikadhani anataka kuongea na mjukuu. Nikasikia kikohozi, karibu sana sikioni.

Akasema kule ni baridi na koti lina joto. Akasema wanawake wa Kabwe wamemuuliza aliyelishona. Akasema mkono wa kushoto ni mrefu. Nikamwambia ndivyo inavyovaliwa siku hizi. Kikohozi kilichofuata kilinifahamisha kwamba hakuamini.

Baba mdogo Mika kasema kwa kuonana uso ni mbuzi, na akishaliwa mwiko umekwisha. Nitaweza kumsalimia mama mkwe kama watu wengine, hata kumpima akikubali. Sadock kajitolea kushika miguu ya mbuzi.

Mwisho mama akataja lile gauni jipya ninalopaswa kumshonea badala ya la kijivu. Analitaka akirudi. Akasema nisikilize vizuri. Lisiwe na mfuko. Hata mmoja. Siyo kifuani, siyo kiunoni, siyo kwapani, siyo ndani ya mwingine. Akanitaka nirudie. Nikarudia yote, neno kwa neno. Nikamwapia.

Na nitatimiza. Mtu amejifunza. Nimeshakata kitambaa leo hii hii, ingawa ni Jumapili, gauni la heshima, laini, lisilo na mfuko popote, Ferista ni shahidi. Nimemwomba aniuzie kipande cha ngozi, chembamba. Ferista kauliza cha nini. Nimemwambia shingo ya mama mkwe ni ndefu, inastahili kola pana, ngumu kidogo, yenye bitana inayofunguka kwa nyuma, ambamo hati ikikunjwa mara mbili inalala vizuri kabisa.

Juu ya kola hakusema neno.